Garonne, Midi au Nantes–Brest: Uchague Mfereji Upi kwa Safari ya Baiskeli Ufaransa

Ufaransa ina mifereji mingi iliyochimbwa kati ya karne ya 17 na ya 19 kwa ajili ya mashua za mizigo, na kando ya kila mfereji palikuwa na njia ambayo farasi, na mara nyingine watu wenyewe, waliipita wakizikokota mashua hizo kwa kamba. Reli ilipokuja mizigo ikahama, mashua zilizosalia zikatiwa injini, na njia zile zikabaki tupu. Leo ndizo zinazompa msafiri wa baiskeli kitu adimu: siku nne, tano, au hata wiki nzima ya kupita mashambani, vijijini na katikati ya miji bila kugombania barabara na magari. Watu wanapoanza kupanga safari huuliza wauchague mfereji upi, na majibu mengi wanayopewa hufuata umaarufu. Ulinganisho huu unafuata jambo jingine, yaani hali ya njia yenyewe chini ya matairi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua kama utafika jioni ukiwa na hamu ya kuutembelea mji au ukiwa hoi.

Mifereji ninayoilinganisha ni mitatu: ule wa Garonne, unaofuata mto wa jina hilo kutoka karibu na Bordeaux hadi Toulouse, ule wa Midi, unaoanzia Toulouse na kushuka hadi bahari ya Mediterania, na ule wa Nantes hadi Brest, katika jimbo la Bretagne upande wa magharibi. Njia ya mto Loire nimeiacha kwa makusudi. Ina urefu wa takriban kilomita 900 na makasri ya wafalme kila upande, lakini sehemu yake kubwa hupita kwenye barabara ndogo za mashambani ambazo magari huzitumia, na hata kama ni machache, si jibu kwa mtu ambaye sharti lake la kwanza ni kutoona gari. Mifereji ya Bourgogne na Nivernais nayo ina mashabiki wake, ila lami, changarawe na nyasi hubadilishana humo mara nyingi mno kiasi kwamba ingehitaji makala yake peke yake.

Kabla ya kuilinganisha, inafaa kuelewa maana ya kutokuwa na magari. Sheria ya barabara ya Ufaransa inaitambua aina ya njia inayoitwa voie verte, iliyotengwa kwa ajili ya baiskeli, watembea kwa miguu na, panaporuhusiwa, wapanda farasi, na utaitambua kwa bango la mraba la buluu lenye picha ya hao wote. Hata hivyo njia nyingi za mifereji ni mali inayosimamiwa na shirika la umma la njia za maji, Voies navigables de France, na magari ya mafundi wake hupita mara mojamoja, sawa na gari la mtu anayeishi katika nyumba ya zamani ya mlinzi wa malango ya maji. Hupita polepole. Kwa siku nzima unaweza kuyaona mawili, au usione hata moja.

Jambo la pili linaloihusu mifereji yote mitatu ni kwamba maji hayapandi mlima. Mfereji hukaa tambarare kwa kilomita kadhaa, kisha huruka kimo kwa kutumia lango la maji, yaani chumba cha mawe chenye milango miwili mizito ambacho hujazwa au kumwagwa ili mashua ipande au ishuke. Kwa mwendesha baiskeli, hii ina maana kwamba mwinuko wote wa siku umekatwa vipande vifupi vya mita chache, kimoja kwa kila lango, na baina yake hakuna hata kilima. Mtu asiye na mazoezi makubwa, mzee, au mtoto mwenye baiskeli ndogo anaweza kwenda kilomita 40 bila kulazimika kushuka na kusukuma.

Tuanze na Garonne, ambao ni mdogo kiumri kuliko Midi na hauna jina kubwa. Ulijengwa kati ya 1838 na 1856, una urefu wa kilomita 193 kutoka Toulouse hadi Castets-en-Dorthe, na una malango 53. Karibu urefu wote wa njia yake umewekwa lami, na hapo ndipo ubora wake wa kwanza ulipo. Baiskeli ya kawaida yenye matairi membamba, mikoba miwili nyuma na keria imara inatosha kabisa. Huhitaji baiskeli ya milimani, wala huhitaji kutazama chini kila sekunde. Mizizi ya miti imeinua lami hapa na pale, na mtikisiko wake utausikia kwenye mikono, lakini ni usumbufu wa dakika tu.

Jambo la kuwa makini nalo ni madaraja. Mfereji hupita chini ya madaraja mengi ya barabara ndogo, na njia hujibana kati ya maji na ukuta wa daraja, mara nyingi ikiwa na kona ambayo huoni anayekuja upande wa pili. Wenyeji hupiga kengele kabla hawajaingia, na mgeni afanye vivyo hivyo, hasa akiwa anavuta kigari cha mtoto. Ukingo wa maji hauna uzio mahali pengi, kwa hiyo mtoto aliyeanza jana kuendesha asipelekwe huko bila mtu mzima kukaa upande wa mfereji. Kumbuka pia kwamba tangu 2017 sheria inamtaka kila mtoto aliye chini ya miaka 12 avae kofia ngumu anapopanda baiskeli Ufaransa, awe anaendesha au amepakiwa.

Kuhusu mandhari, Garonne ni mfereji wa mashamba ya matunda. Unapita kwenye miti ya tufaha, plamu na kiwi, kwenye mizabibu ya Buzet na kwenye nchi ya Agen, ambayo plamu zake kavu zinajulikana Ufaransa nzima. Hapo Agen ndipo penye tukio kubwa la safari: mfereji mzima huuvuka mto Garonne juu ya daraja la mawe lenye matao 23 na urefu wa mita 539, lililofunguliwa 1849, nawe unaendesha ubavuni mwa maji yaliyotulia huku mto wenyewe ukikimbia chini kabisa ya miguu yako. Mashua ikikupita hapo, utaona jambo la ajabu la chombo kinachoelea juu ya mto badala ya ndani yake.

Moissac, mbele zaidi, ndiko ningependekeza mtu alale. Abasia yake ina ua wa ndani uliokamilika mwaka 1100, wenye vichwa vya nguzo 76 vilivyochongwa, na reli ya Bordeaux hadi Toulouse inapita karibu nao kiasi kwamba treni husikika ukiwa umekaa humo. Wajenzi wa reli wa karne ya 19 walibomoa sehemu ya majengo ya watawa ili wapate nafasi, na ua ule ukanusurika. Baada ya hapo, Montech, kuna mtambo wa 1974 uliotumia vichwa viwili vya treni kuisukuma mashua pamoja na kabari ya maji kwenye mteremko, badala ya kuipitisha kwenye malango matano. Haufanyi kazi tangu 2009, ila unaonekana ukiwa njiani, na kwa anayependa mashine ni kituo cha nusu saa.

Kasoro za Garonne nazo ni za kweli. Kuna vipande virefu vilivyonyooka ambavyo mtu anayetaka mabadiliko kila saa atavichoka, na karibu na Valence d'Agen minara miwili ya kupoozea ya kituo cha nyuklia cha Golfech hukaa mbele ya macho kwa muda mrefu kuliko unavyopenda. Tena, mfereji haufiki Bordeaux. Kutoka mjini unafuata reli ya zamani iliyogeuzwa kuwa njia ya baiskeli, iliyopewa jina la Roger Lapébie, mshindi wa mashindano ya Tour de France mwaka 1937. Hiyo ina lami na inakufikisha Sauveterre-de-Guyenne baada ya kilomita 57 hivi, kisha kuna kipande cha barabara ndogo zenye vilima hadi karibu na La Réole. Asiyetaka gari hata moja, apande treni Bordeaux na kushuka La Réole au Marmande, aanzie hapo.

Mfereji wa Midi ndio ambao kila mtu amewahi kuusikia. Ulichimbwa kuanzia 1666 hadi 1681, una urefu wa takriban kilomita 240, na uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1996. Aliyeubuni, Pierre-Paul Riquet, hakuwa mhandisi kwa kazi. Alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi aliyetajirika, na alitumia mali yake mwenyewe kwenye mradi huo hadi akafa 1680, miezi michache kabla mfereji haujafunguliwa. Tatizo lililowashinda waliomtangulia lilikuwa ni kupata maji ya kutosha kwenye kilele cha njia, na yeye alilitatua kwa kuyakusanya maji ya vijito vya milima ya Montagne Noire na kuyaongoza hadi Naurouze, penye kimo cha mita 189, ambapo maji hugawanyika, mengine yakienda kwenye Atlantiki na mengine kwenye Mediterania. Ukiwa na baiskeli unaweza kusimama mahali hapo, na kwa maoni yangu panastahili kuonwa kuliko vivutio vingi vinavyotozwa kiingilio.

Kwa historia na uzuri, basi, Midi unaushinda Garonne kwa mbali. Kuna Carcassonne na ngome yake, kuna Le Somail na daraja lake dogo la mawe, kuna ngazi ya malango ya Fonserannes karibu na Béziers inayozishusha mashua zaidi ya mita 20. Kuna pia kilima cha Malpas, ambacho kimetobolewa mara tatu: kwanza katika karne ya 13 ili kuyatoa maji ya ziwa la Montady, kisha katika miaka ya mwisho ya kazi ya Riquet kwa ajili ya mfereji, na baadaye kwa ajili ya reli. Ukipanda juu ya kilima hicho unaliona ziwa lenyewe lililokaushwa, ambalo leo ni duara la mashamba yaliyokatwa kama vipande vya keki.

Njia ndiyo inayousaliti. Kutoka Toulouse hadi karibu na Naurouze, takriban kilomita 50, lami ni nzuri na wenyeji huitumia kwenda kazini. Ukishaingia wilaya ya Aude mambo hubadilika. Ingawa vipande kadhaa vimekarabatiwa, sehemu kubwa hadi karibu na Béziers ni udongo na changarawe, na mahali pengi njia hupungua na kuwa mstari mmoja wa upana wa mkono katikati ya nyasi, maji yakiwa upande mmoja na mteremko upande wa pili. Mizizi ya miti huvuka mstari huo kama ngazi zilizolala. Gurudumu la mbele likiugonga mzizi kwa pembe mbaya huteleza upande, pedali hugonga ukingo, na mikoba huruka kwenye keria. Kwa hiyo macho hukaa chini, na mandhari uliyoyafuata hutayaona mpaka usimame. Mvua ikinyesha, udongo wa mfinyanzi hujaa kati ya tairi na kinga ya matope mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo dawa ni kijiti na subira.

Juu ya hilo kuna suala la kivuli. Picha zinazowavuta watu Midi ni zile za miti mikubwa ya platani iliyopandwa katika karne ya 19, ikikutana juu ya maji. Mwaka 2006 ugonjwa wa kuvu uligunduliwa kwenye miti hiyo, ugonjwa ambao inaaminika uliingia Ufaransa mwaka 1944 kwenye mbao za masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani, na kwa kuwa hauna tiba, miti iliyoambukizwa na ile ya jirani hukatwa na kuchomwa. Makumi ya maelfu imeshakatwa. Mingine imepandwa mahali pake, lakini mti mchanga hautoi kivuli cha kumfaa mtu, na mwezi wa Julai kilomita 20 za jua tupu katika bonde la Aude si jambo la kulidharau. Anayechagua Midi kwa ajili ya picha ajue kwamba kuna vipande ambavyo picha hiyo haipo tena.

Kwa umbali, Garonne na Midi vinakaribiana. Tofauti ni muda. Msafiri wa kawaida mwenye mizigo ataenda kilomita 55 au 60 kwa siku kwenye Garonne bila kuharakisha, ilhali kwenye Midi kilomita 45 zitamtosha. Matairi yenye upana wa milimita 40 au zaidi si anasa huko, na kigari cha mtoto sikipendekezi baada ya Naurouze.

Mfereji wa Nantes hadi Brest ni habari nyingine kabisa. Uliamriwa enzi ya Napoleon, wakati manowari za Uingereza zilipokuwa zimeziba njia ya bahari na bandari ya kijeshi ya Brest ikihitaji kufikiwa kwa maji ya ndani. Kazi ilianza 1811, ikakamilika miongo kadhaa baadaye, na kufikia hapo vita vilikuwa vimekwisha zamani na reli ilikuwa inakuja. Una urefu wa kilomita 364. Karibu na Glomel unapita kwenye mtaro mkubwa uliochimbwa kwa mikono na wafungwa walioletwa kutoka gereza la Brest kati ya 1823 na 1832, na ukimya wa mahali hapo leo hauoneshi hata kidogo gharama yake.

Njia yake ni ya mchanga na kokoto zilizoshindiliwa, pana vya kutosha kwa watu wawili kuendesha wakiongea, na inaendeka kwa matairi ya wastani. Ni polepole kuliko lami ya Garonne, lakini ni shwari mno kuliko mizizi ya Midi, isipokuwa baada ya mvua za siku kadhaa, na Bretagne mvua haihitaji kualikwa. Bwawa la Guerlédan lilipojengwa miaka ya 1920 liliukata mfereji katikati, kwa hiyo hapo unalazimika kuzunguka, kwa sehemu kwenye reli ya zamani. Josselin, penye kasri linalosimama juu ya maji, ndio mji mzuri kuliko yote njiani. Ila kati ya Pontivy na Châteaulin vijiji ni vidogo, vyumba vya kulala ni vichache, na stesheni za treni ziko mbalimbali. Baiskeli ikiharibika huko, msaada uko mbali.

Na hapa ndipo Garonne unaposhinda kwa mara ya pili. Reli inaufuata karibu mwanzo hadi mwisho, ikisimama La Réole, Marmande, Agen, Moissac na Montauban, na treni za mikoa, zinazoitwa TER, huchukua baiskeli nzima bila kuzifungua. Mtu akichoka, akiumwa goti, au mvua ikikataa kukatika, yuko saa moja au mbili kutoka Toulouse. Midi nao una stesheni Castelnaudary, Carcassonne, Narbonne na Béziers, ingawa baina yake unaweza kuwa mbali nazo. Kwenye treni za kasi, baiskeli ama iwe na nafasi iliyolipiwa mapema, ama ifunguliwe na kutiwa kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Wakati wa kiangazi usisubiri hadi siku ya safari.

Msomaji anayetoka Kenya au Tanzania ataomba viza ya Schengen, na maombi hayo hudai uthibitisho wa mahali pa kulala. Hilo linampa Garonne pointi nyingine ndogo, kwa kuwa miji yake iko karibu karibu na vyumba ni vingi; kwenye mfereji wa Nantes hadi Brest itabidi uhesabu kilomita za kila siku kwa makini kabla ya kuweka nafasi, au uchague nyumba zinazoruhusu kufuta bila malipo.

Chakula kisimsumbue mtu, lakini saa zimsumbue. Maduka ya vijijini hufungwa kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, mengi hufungwa Jumapili mchana, na duka la mikate aghalabu hupumzika siku nzima ya Jumatatu. Castelnaudary, kwenye Midi, hujivunia maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwenye chungu. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, kwa sababu soseji na ngozi ya nguruwe ndizo zinazokipa chakula hicho uzito wake. Bretagne ina chapati nyembamba za unga wa baki-witi zenye yai na jibini, ambazo ni rahisi kuziagiza bila nyama. Maji ya kunywa, kwenye mifereji yote mitatu, hupatikana kwenye bomba la makaburini, ambalo karibu kila kijiji kinalo. Soma tu bango lililo juu yake, kwani maneno "eau non potable" yanamaanisha hayanyweki.

Upepo nao una usemi, hasa Midi. Ule wa magharibi, unaoitwa Cers, huvuma mara nyingi kuelekea Mediterania na kumsukuma anayetoka Toulouse, ilhali Autan hutoka kusini mashariki na kuwa mbisho wa kumchosha mtu siku nzima. Kwa sababu hiyo, anayechagua Midi aanzie Toulouse. Kwenye Garonne mwelekeo si jambo kubwa. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi bora kote. Bretagne hata Agosti inavumilika, kwani joto lake halifiki la kusini.

Kwa hiyo familia yenye watoto, anayesafiri kwa mara ya kwanza, na mwenye baiskeli ya kukodi achukue Garonne bila kufikiria mara mbili. Mwenye uzoefu, matairi mapana na mapenzi ya historia aende Midi, akijua anachokifuata. Anayetaka upweke, asiyeogopa koti la mvua, aende Bretagne. Lakini kwa mwenye siku saba au nane ningependekeza mpango usiotangazwa sana: uendeshe Garonne hadi Toulouse, uendelee na lami ya Midi hadi Naurouze, kisha ushike njia hadi Castelnaudary, ambako utapanda TER kwenda Carcassonne na baadaye Béziers. Mizizi mingi utakuwa umeiruka. Kutoka Béziers utaiona ngazi ya Fonserannes na kilima cha Malpas kwa safari ya nusu siku bila mizigo, na kesho yake utashuka hadi Agde na Marseillan, ambapo mfereji huingia kwenye ziwa la chumvi la Thau, na njia ya baiskeli hukupeleka hadi Sète kando ya ufuo.